Mambo ya kuzingatia kabla ya kumpeleka mtoto mwenye kifafa shule ya bweni

Usisubiri siku ya kuripoti, godoro likiwa kichwani na wazazi wengine wamepanga foleni nyuma yako, ndipo umnong'oneze mwalimu. Nenda wiki moja kabla. Kaa na mkuu wa shule, matroni au patroni, na mwalimu wa darasa, uwaambie ugonjwa kwa jina lake. Wazazi wengi huku kwetu huandika "ana kizunguzungu" kwenye fomu wakiogopa mtoto atakataliwa. Siku akianguka, wengine wanakimbilia maombi na wengine wanaanza kuulizana nani kamroga.

Beba cheti cha kliniki kinachoonyesha dawa, kiasi na saa za kumeza. Toa nakala tatu. Omba kitanda cha chini. Asipangiwe zamu ya jikoni, asitumwe mtoni peke yake, asipande mti kuangua parachichi. Alale vya kutosha, maana prepo ya hadi usiku wa manane na kengele ya saa kumi alfajiri vinaweza kuamsha kifafa kilichokuwa kimetulia. Homa nayo ni hivyo hivyo. Akichemka, asiachwe amelala bwenini peke yake.

Sasa suala la dawa, na hapa soma taratibu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa Kidato cha Pili, shule moja ya bweni wilayani Rungwe. Alitumia kabamazepini asubuhi na jioni, na kwa zaidi ya mwaka hakuwa ameanguka. Shule ilikuwa na utaratibu wa kufungia dawa zote kwenye kabati la matroni. Funguo ilikuwa moja, na ilikaa kwenye mkoba wake. Mwezi wa Julai matroni akapata msiba Kyela, akaondoka Ijumaa mchana na mkoba wake. Binti akaenda kugonga mlango jioni ile, akagonga tena kesho yake, akamwambia mwalimu wa zamu. Akajibiwa avumilie, matroni anarudi Jumatatu, dawa za siku mbili tatu si kitu.

Ni kitu. Dawa hizi zikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Jumapili alfajiri, kwa baridi ile ya Julai, wasichana walikuwa jikoni wanaota moto wakisubiri uji. Akaangukia mafiga, mkono wa kulia ukaingia kwenye makaa. Wenzake wote wakakimbilia nje, kwa sababu tangu wadogo wameambiwa ukimgusa mwenye kifafa akiwa anatoa povu, nawe unakipata. Aliyemvuta ni mpishi, aliyekuwa nje akipasua kuni akasikia kelele. Vidole viwili vya mwisho vilipona vikiwa vimeshikana na kukunjamia kiganjani. Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto, na mistari yake bado inapanda na kushuka.

Kwa hiyo dai funguo mbili kwa watu wawili, na daftari la dawa linalotiwa sahihi kila dozi. Matroni akisafiri, akabidhi kwa maandishi. Mtoto mkubwa anayejielewa akae na dozi za siku tatu za akiba, shule ikijua. Dozi moja ikikosekana, upigiwe simu siku hiyo hiyo. Na mwambie mkuu wa shule mapema kwamba ikibidi kuvunja kabati, wavunje, kitasa utalipa wewe.

Kagua jiko pia. Mafiga ya wazi ambayo wanafunzi wanayazunguka asubuhi ni hatari kwa kila mtoto, na kwa huyu zaidi. Majiko yaliyojengewa na kuinuliwa yapo, shule nyingi zinayo. Ulizeni kwenye kikao cha wazazi.

Walimu na wanafunzi wa bweni lake wafundishwe kabla, siyo siku ya tukio. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa ushuzi. Akianguka, msogezeni mbali na moto, maji na vitu vikali, mwekeeni sweta chini ya kichwa, legezeni tai. Msimkandamize. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, meno ndiyo yatavunjika. Mtetemo ukikoma mlazeni ubavu, na mtu abaki naye hadi azinduke vizuri. Mwingine aangalie saa: zikipita dakika 5 bila kukoma, au kikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Mwenye bodaboda au gari ajulikane tangu mwanzo wa muhula, pamoja na namba yake.

Mwalimu ajue pia kwamba si kila kifafa kinaangusha. Kuna mtoto anayekodoa macho sekunde chache, haitiki akiitwa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Huyo asichapwe kwa kosa la kutosikiliza.

Na kwa kuwa nyanda zetu za juu kusini zinafuga sana nguruwe, ulizia vyoo. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo. Yakimezwa kupitia mikono michafu, maji au mboga, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa kwa mtoto aliyekuwa mzima. Choo kinachofungwa, maji na sabuni ya kunawia, nguruwe wa shule bandani, kitimoto kiive hadi ndani.

Safari za kimasomo za Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, asikatazwe, ila asiingie ziwani bila mtu mzima kando yake. Dawa zisafiri na mwalimu, zisibaki bwenini. Na kila likizo, kabla hajarudi, hesabu vidonge.