Pesa za korti: kuchanga, kulipa na kudhibiti matumizi ya pamoja

Somo hili ni la wakazi wa Nairobi wanaoishi ndani ya geti moja, yaani kwenye korti moja, na kugawana mlinzi, kisima, stima ya ngazi na gari la taka. Tutatumia mfano wa korti ya nyumba 24. Bei zilizomo ni za mfano tu, kwa hivyo weka zenu. Kanuni isiyobadilika ni hii: anayeidhinisha asilipe, na anayelipa asiandike hesabu. Mtu mmoja akibeba kazi zote tatu, hata awe mwaminifu namna gani, hakuna wa kumwonyesha alipokosea.

Hatua ya 1: Andikeni gharama zote, hata zile zinazosahaulika

Walinzi wawili na mfanyakazi wa usafi, kila mmoja 20,000, ni 60,000. Kamati nyingi huishia hapo. Mkiwa mmewaajiri wenyewe, mwajiri anadaiwa pia NSSF (hifadhi ya uzeeni) asilimia 6 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 1,500 kwa kila mfanyakazi. Makato ya SHIF (bima ya afya), asilimia 2.75, hutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi, lakini ni kazi yenu kuyakata na kuyapeleka. Kwa hivyo mishahara ni 64,500. Ongezeni taka 7,200, stima ya pamoja 9,000, matengenezo madogo 5,300 na akiba 10,000. Jumla ni 96,000, ambayo ni 4,000 kwa kila nyumba.

Akiba hiyo ya 10,000 isitajwe kwa kukisia. Pampu ya 180,000 inayotarajiwa kudumu miaka 6 inahitaji 2,500 kwa mwezi. Paa na rangi, 360,000 kila miaka 5, ni 6,000. Geti na taa za nje, 1,500. Mkiandika hivi, mkazi anayelalamika kuhusu akiba anaona hasa analipia nini.

Maji yasiingie kwenye 4,000. Yalipiwe kwa mita ndogo ya kila nyumba, la sivyo familia ya watu wawili itawalipia majirani wanaofua mazulia.

Hatua ya 2: Akaunti kwa jina la korti

Pesa zisiingie kwenye simu ya mweka hazina hata kwa mwezi mmoja wa kuanzia. Simu ya mtu ikipotea, ikizuiwa au mwenyewe akifariki, pesa zenu zinahesabiwa kuwa zake. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10. Kama kila mmoja ana hati ya nyumba yake chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, shirika la wamiliki ndilo chombo chenu na halihitaji kikundi kingine.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Watia saini wasiwe mke na mume, wala mtu na mpangaji wake. Ombeni Paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) iliyounganishwa na akaunti hiyo, na kila mkazi aandike namba ya nyumba mahali pa namba ya akaunti. Asiyeandika namba ya nyumba atakusumbueni kila mwisho wa mwezi, kwa hivyo bandikeni maelezo hayo getini kwa herufi kubwa.

Hatua ya 3: Mipaka ya matumizi

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi zaidi, na ndiyo inayorukwa. Mfano wa mipaka:

- Hadi 5,000: pesa ya mkononi, inayoshikwa na mtu asiye mtia saini. Wakati wowote, pesa iliyobaki pamoja na risiti lazima zifikie 5,000 kamili. Hajazwi tena mpaka alete risiti.
- Zaidi ya 5,000 hadi 20,000: idhini ya wanakamati wawili kwa maandishi.
- Zaidi ya 20,000 hadi 100,000: bei tatu za maandishi na uamuzi wa kamati nzima.
- Zaidi ya 100,000: mkutano wa wakazi.

Ujanja utakaokutana nao ni kukata kazi vipande. Ukarabati wa 57,000 unakuja kama ankara tatu za 19,000 ili usifike mezani kwa kamati. Andikeni kwamba malipo kwa fundi mmoja, kwa kazi moja, ndani ya siku 30, ni malipo mamoja. Bei tatu nazo zikaguliwe: mkiona karatasi tatu zenye namba moja ya simu, au makosa yaleyale ya tahajia, zimetoka kwa mtu mmoja.

Wekeni pia kifungu cha dharura. Pampu haingoji mkutano. Ruhusuni hadi 40,000 kwa makubaliano ya wanakamati wawili kwa ujumbe wa simu, na taarifa kwa wakazi wote ndani ya saa 48.

Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tu kwamba pesa zilitoka. Kilichonunuliwa kinathibitishwa na risiti, na kila malipo yawe na vyote viwili. Picha ya ujumbe hubadilishwa kirahisi, kwa hivyo mwandishi wa hesabu alinganishe namba ya muamala na taarifa ya benki.

Hatua ya 4: Pimeni mnachonunua

Maji ya bauza (lori la maji) ndipo mahali ambapo korti nyingi huibiwa mchana kweupe. Chukueni vipimo vya tangi la chini. Tangi la mita 3 kwa 2.5 hubeba lita 7,500 kwa kila mita moja ya kimo, yaani lita 750 kwa kila sentimita 10. Bauza la lita 10,000 lazima lipandishe maji kwa sentimita 133. Zima pampu, funga maji ya kuingia, pima kwa fimbo kabla na baada, kisha andika tofauti kwenye karatasi ya kupokelea na dereva atie saini. Yakipanda sentimita 110, mmeletewa lita 8,250, na hizo ndizo mnazolipia. Mkubaliane hivyo na mwenye bauza kabla hajafungua bomba.

Kwa tokeni za stima ya pamoja, wekeni rekodi ya uniti pamoja na shilingi. Bei ya uniti hubadilika mwezi hadi mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta na nyinginezo, kwa hivyo shilingi peke yake haiwezi kuwaambia kama taa zinaachwa zikiwaka mchana au kuna mtu amejiunganishia.

Hatua ya 5: Hesabu ya kila mwezi

Malipo yafike kabla ya tarehe 5, ripoti itoke tarehe 10. Ukurasa mmoja unatosha: salio la mwanzo, kuongeza kilichoingia, kutoa kilichotoka, salio la mwisho. Salio hilo lilingane na la benki hadi shilingi. Likipishana, tafuteni kwanza ada za benki, kisha malipo yaliyoingia bila namba ya nyumba.

Madeni yatajwe kama jumla tu. Kubandika getini majina ya wanaodaiwa kunaweza kuiingiza kamati kwenye malalamiko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mdaiwa aandikiwe barua yake.

Maswali ya wanachama

Swali (South B): Habari za kazi. Mita kuu ya maji ilisoma uniti 212, mita ndogo zote zikajumlika 188. Nani alipe hizo 24?

Jibu: Salama. Hiyo ni asilimia 11, kubwa kiasi cha kutafutwa kabla ya kugawanywa. Anza na boya la tangi, linalofunga maji tangi likijaa: likichoka, maji hufurika usiku bila mtu kuona. Kisha funga valvu ya kuingia tangini usiku na utazame mita kuu. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja chini ya ardhi. Isipozunguka, funga maji ya kutoka na upime kimo cha tangi saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kikishuka, tangi lina ufa. Kama mko kwenye mgao wa maji, hewa inayotangulia maji kwenye bomba pia huzungusha mita kuu. Tofauti itakayobaki baada ya hapo igawanywe kulingana na matumizi ya kila nyumba.

Swali (Kasarani): Mimi ni mpangaji. Nalipishwa akiba ya paa. Ni haki?

Jibu: Akiba ya paa na pampu inalinda mali ya mwenye nyumba, nawe utaondoka uiache. Katika mfano wetu, mpangaji angelipa 3,583 za huduma na mwenye nyumba 417 za akiba. Soma mkataba wako kwanza, maana wengine wamejumlisha yote kwenye kodi.

Swali (Kileleshwa): Tuko ghorofa ya chini. Kwa nini tulipie lifti?

Jibu: Kama mna hati za sehemu, mgawanyo hufuata kiwango cha kila nyumba kilichosajiliwa, na kamati haiwezi kuubadilisha kwa maneno tu. Kama hamna, utaratibu unaokubalika kirahisi ni wote kuchangia matengenezo na ukaguzi, kisha stima ya lifti kulipwa na wa ghorofa za juu. Lakini lazima lifti iwe na mita yake.

Swali (Umoja): Wengine wanataka wasiolipa wakatiwe maji.

Jibu: Msifanye hivyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja haki ya maji safi, na ndani ya nyumba hiyo kuna watoto. Mpeni mdaiwa mpango wa kulipa kwa miezi mitatu, kwa maandishi. Akivunja, nendeni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Swali (Donholm): Mweka hazina anasema taarifa ya benki ni siri. Tumuondoe?

Jibu: Kwanza, mtia saini mwingine aende benki na kuiomba, ana haki sawa na yake. Pili, iagizeni benki kwa barua itume taarifa kila mwezi kwa watia saini wote watatu na mwandishi wa hesabu. Mkishaamua kumbadilisha, benki itahitaji kumbukumbu za mkutano zilizotiwa saini, pamoja na kitambulisho na PIN ya KRA ya anayeingia. Hadi hayo yakamilike, ombeni kwa maandishi akaunti isitoe pesa isipokuwa za mishahara.