Makro ya kwanza: kuchuja mauzo ya tawi moja na kuyanakili katika laha nyingine

Anayetunza daftari la mauzo la duka lenye matawi Dodoma, Moshi na Tanga anaijua kazi hii: kila mwisho wa mwezi huchuja mauzo ya tawi moja, huyanakili, huyabandika katika laha (ukurasa ndani ya faili ya Excel) ya tawi hilo, kisha huanza upya na tawi linalofuata. Kazi yenyewe si ngumu, ila hurudiwa vile vile kila mara, na hapo ndipo makro inapofaa. Makro ni mfululizo wa amri ambazo Excel huzitekeleza moja baada ya nyingine, zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya VBA, iliyoingizwa katika programu hiyo mwaka 1993.

Kwanza tengeneza nakala ya faili na ufanyie mazoezi humo, kwa sababu kilichofanywa na makro hakirudishwi kwa Ctrl+Z. Ihifadhi nakala hiyo katika muundo wa .xlsm; ukiihifadhi kama .xlsx, data itabaki lakini makro itapotea. Tuchukulie kwamba faili ina laha mbili, Mauzo na Tanga, na kwamba katika laha ya Mauzo vichwa vya safu viko mstari wa kwanza, kuanzia A hadi E, jina la tawi likiwa katika safu ya tatu.

Mwanzoni huna haja ya kuandika chochote. Fungua kichupo cha View, bofya Macros, chagua Record Macro, kisha fanya kazi yako kwa mkono kama kawaida: chuja Tanga, nakili, bandika, halafu simamisha kurekodi. Bonyeza Alt+F11 ili lifunguke dirisha la VBA, usome kilichoandikwa. Utakuta mstari wenye kitu kama Range("$A$1:$E$214"), na hapo ndipo wengi hukwama bila kujua, maana Excel imenukuu eneo lilivyokuwa siku ile. Mwezi ujao daftari likifika mstari wa 300, mauzo yaliyo chini ya mstari wa 214 hayatashughulikiwa, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Kwa hiyo mimi huichukulia makro iliyorekodiwa kama rasimu tu.

Katika dirisha hilo hilo, chagua Insert, kisha Module, na uandike hivi:

Sub NakiliTawi()
    Dim eneo As Range
    Worksheets("Mauzo").AutoFilterMode = False
    Worksheets("Tanga").Cells.Clear
    Set eneo = Worksheets("Mauzo").Range("A1").CurrentRegion
    eneo.AutoFilter Field:=3, Criteria1:="Tanga"
    eneo.SpecialCells(xlCellTypeVisible).Copy Worksheets("Tanga").Range("A1")
    Worksheets("Mauzo").AutoFilterMode = False
End Sub

Amri ya AutoFilterMode imewekwa mara mbili kwa makusudi: ya mwanzo huondoa chujio ambalo huenda mtu aliliacha, lisije likapunguza matokeo, na ya mwisho huliacha daftari likionekana lote. Cells.Clear hufuta kila kitu katika laha ya Tanga, hivyo usiweke humo hesabu nyingine. CurrentRegion ndiyo dawa ya tatizo la mstari wa 214, kwa kuwa hulipima eneo upya kila makro inapoendeshwa; lakini huishia penye mstari mtupu, na mtu aliyeacha nafasi katikati ya daftari ili lipendeze atapata nusu ya mauzo. SpecialCells huchukua mistari inayoonekana peke yake. Kwa kuwa mstari wa vichwa hauchujwi, tawi lisilo na mauzo litapewa vichwa vitupu, wala makro haitasimama kwa hitilafu.

Chujio hulinganisha maandishi yote ya kisanduku, bila kujali herufi kubwa au ndogo. Kwa hiyo "tanga" itachukuliwa, ila "Tanga Mjini" itaachwa, na ukiitaka nayo andika "Tanga*".

Rudi kwenye jedwali, bonyeza Alt+F8, chagua NakiliTawi na ubofye Run. Hesabu mistari ya laha ya Tanga, uilinganishe na idadi unayoipata ukichuja kwa mkono. Faili ikitumwa kwa barua pepe, huenda Excel ya mpokeaji ikazuia makro. Aliyeipokea aruhusu pale tu anapomfahamu aliyeituma.

Makro ikishakubali, hakuna haja ya kuandika nyingine kwa kila tawi. Andika jina la tawi katika kisanduku H1 cha laha ya Mauzo, ukiacha safu F na G tupu ili H1 isihesabiwe kuwa sehemu ya daftari. Kisha, mahali pa "Tanga" katika makro, kote inakotokea, weka Worksheets("Mauzo").Range("H1").Value, bila alama za nukuu kuizunguka. Kila tawi liwe na laha yenye jina lile lile lililoandikwa H1, la sivyo makro itasimama na kutoa hitilafu namba 9.