Kuimarisha sehemu ya chini ya injini ya Subaru EJ257

EJ257 ya turbo ikianza kugonga, wengi hukimbilia konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini) na pistoni za chuma cha kufuliwa (forged). Mimi naanza na oili. Nyingi nilizozifungua hazikufa kwa udhaifu wa chuma; beringi za konrodi zilikaukiwa.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo
Shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), toa bomba linalonyonya oili. Kagua maungio yake vizuri, maana hupata ufa na pampu ikaanza kuvuta hewa. Weka jipya lililoimarishwa. Kisha geuza pampu yenyewe: skrubu za bamba la nyuma hulegea. Zifungue, zipake gundi ya kuzuia skrubu kulegea (threadlocker), kaza upya.

Hatua ya 2: Ondoa vyuma vilivyosagika
Kama beringi imeshaliwa, badilisha kipoza oili. Nimewahi kukiosha tu ili mteja asiingie gharama, injini ikarudi inagonga. Mpaka leo inaniuma. Safisha pia njia za oili ndani ya kranki na mabomba ya turbo.

Hatua ya 3: Pima
Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Shingo za kranki zinazobeba konrodi zina kipenyo cha milimita 52. Pima kila moja kwa mikromita, sehemu kadhaa, ujue kama imekwenda yai. Weka beringi kwenye konrodi, kaza bolti kwa toki (nguvu ya kukazia) kamili, ndipo upime kipenyo cha ndani. Tofauti ndiyo nafasi ya oili. Kwa injini ya kukimbizwa nalenga sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani milimita 0.05 hivi. Ikibana, oili haipiti ya kutosha. Ikizidi, presha inashuka.

Hatua ya 4: Funga
Bolti za konrodi ziwe mpya. Pistoni za kufuliwa weka kama utaongeza presha ya turbo. Kumbuka pini za pistoni huingizwa kupitia matundu ya bloku baada ya nusu zake mbili kufungwa.

Hatua ya 5: Washa
Chomoa umeme wa koili na injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, pasua filta, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona vipande vinavyometa, usiliendeshe tena gari hilo; shusha sampu.