Ukienda Foshan kuagiza vigae, utazame na mji wenyewe
Wafanyabiashara wetu wengi wanaofika Guangzhou, China, kwa maonyesho ya biashara ya Aprili au Oktoba huvuka hadi mji jirani wa Foshan kuagiza vigae, au samani za Lecong, eneo la Foshan lenye masoko ya samani, kisha hurudi hotelini bila kuuona mji, jambo linalosikitisha kwa kweli. Panda treni ya Guangfo, inayounganisha miji hiyo miwili tangu mwaka 2010, ushuke kituo cha Zumiao, jirani na hekalu lenye asili ya karne ya 11. Kutoka hapo chukua teksi hadi Shiwan ukaione tanuri ya Nanfeng, iliyojengwa zama za watawala wa ukoo wa Ming na kuchoma vyombo vya udongo kwa takriban miaka 500: ni handaki refu la matofali linalopanda mteremko, lenye safu za matundu mgongoni ambamo wachomaji hutia kuni. Kwa muuza vigae, hakuna mahali pa kufaa zaidi. Jioni, bustani ya ziwa Qiandeng, iliyo kwenye njia hiyohiyo ya treni, inafaa sana kutembelea kwa miguu. Sajili malipo ya simu ya Alipay kabla ya safari, na uhifadhi anwani kwa herufi za Kichina umwonyeshe dereva.