Kuikinga rangi ya gari isipauke kwa jua

Jua huanza na paa, boneti na kifuniko cha buti, kwa sababu zimelala na hupigwa na jua la utosi kutwa nzima. Milango huchelewa sana kupauka. Kwa hiyo muda ukiwa mfupi, shughulika na huko juu kwanza.

Magari mengi ya sasa yana klia, tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unene wa unywele, na ndiyo inayopokea mionzi ya urujuanimno kwa niaba ya rangi. Kila unapopiga polishi unaipunguza.

Kabla ya kununua chochote, pima. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue pembeni mwa boneti. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hapo hakuna klia. Kama ni rangi ya tabaka moja iliyochakaa juu tu, polishi huirudishia mng'ao. Ukiona mabaka meupe ambayo kingo zake zinakwama kwenye ukucha, klia imeanza kubabuka. Usihangaike na nta, ile inayopakwa juu kabisa kuikinga klia: sehemu hiyo inataka msasa na kupuliziwa upya.

Klia ikiwa nzima, osha gari kivulini, bodi ikiwa imepoa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga na ya vyombo ziache, maana zinaondoa nta. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, kisha vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase boneti. Ukihisi chembechembe, pitisha udongo wa kusafishia rangi (bonge laini la dukani linalonasa uchafu, si udongo wa ardhini) taratibu, ukilowesha kwa maji ya shampuu. Udongo ukidondoka chini, tupa. Mchanga ulioushika utachora rangi yote.

Sasa nta. Kosa la wengi ni kupaka nyingi. Paka utando mwembamba, eneo la sentimita 60 kwa 60 kwa wakati mmoja, usubiri ufifie kama ukungu. Pitisha kidole: pakifutika safi bila kuacha mafuta, futa kwa maikrofaiba kavu. Ukipaka juani itakaukia pale pale na kuganda. Kwenye jua kali nta ya kanauba, inayotokana na mmea, hudumu wiki chache tu, wakati silanti, kikinga rangi cha kutengenezwa kiwandani, hufikisha miezi kadhaa. Maji ndiyo yatakayokuambia: yakiacha kujikusanya matone, yakawa yanatandaa, paka tena.

Kinyesi cha ndege kisilale. Klia hulainika na kutanuka ikipata joto, kisha hujikunja ikipoa huku imeshika umbo la uchafu ule, na alama hubaki. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika chache, halafu inua; usisugue, kwani mara nyingi kina mchanga ndani.

Turubai nalo linasaidia, mradi liwe la kitambaa kinachopitisha hewa na lifunike gari safi. Likipigwa na upepo juu ya vumbi, linageuka msasa.