Jinsi ya kujenga rampu ambayo mwenye kiti cha magurudumu ataipanda peke yake

Mimi ni mwashi. Majuzi nilijenga rampu Embakasi kwa mama mmoja wa ploti yetu anayeuza mboga na anayetumia kiti cha magurudumu. Ya kwanza niliivunja kwa nyundo yangu mwenyewe kwa sababu nilikosea vipimo. Naandika haya ili fundi mwingine asipoteze simiti na siku mbili kama mimi.

Lengo ni moja: apande na kushuka mwenyewe. Ikiwa lazima aite kijana wa kumsukuma, kazi haijaisha.

1. Ongea na mwenye kiti

Si mwanawe, si mwenye nyumba, yeye mwenyewe. Pima kiti chake, na uulize kama ana pia baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, kwa sababu hiyo ni ndefu na hugeuka kwa shida. Mama alininyoshea mikono nikaona vifundo vya vidole vimechubuka, kovu juu ya kovu. Kila akisukuma magurudumu mlangoni, vidole vinakwaruzwa na fremu ya chuma. Nilikuwa nimepanga upana wa sentimita 90. Nikauongeza hadi 120.

2. Ruhusa ya mwenye nyumba

Nenda na mchoro na bei mkononi. Akisita, mkumbushe kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Wetu alikubali siku hiyo hiyo.

3. Kupima mteremko

Hapa usiharakishe. Kanuni inayotumika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Mlango wa mama ulikuwa na ngazi tatu za sentimita 15, jumla 45. Mara 12 ni sentimita 540, yaani mita 5.4. Nikapiga kamba kuelekea geti, nikajenga.

Mama alipanda nusu, akasimama, mikono ikitetemeka, kiti kikaanza kurudi nyuma. Nilikishika.

Kosa lilikuwa hili: nilipima kimo pale mlangoni, na ua wetu unateremka kuelekea geti ili maji ya mvua yatoke. Macho hayaoni mteremko huo. Mahali rampu ilipoishia, ardhi ilikuwa chini kwa sentimita 13 zaidi. Kimo halisi kilikuwa 58, siyo 45, na kwa mita 5.4 hiyo ni kama moja kwa tisa. Nawe ukisema utaongeza urefu tu, kumbuka kwamba kila unaposogea mbele ardhi inazidi kushuka, kwa hiyo lazima upime upya kila mara. Kwetu ingefika zaidi ya mita saba na nusu, na kuziba geti.

Basi pima kimo kutoka kizingiti hadi pale rampu itakapoishia. Tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani: maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Pimamaji ya mkono ni fupi mno kwa umbali huo, na programu za simu siziamini hata kidogo. Jaza mpira polepole upande mmoja na uukague wote, maana kiputo kimoja cha hewa kinakudanganya. Ondoeni vidole gumba mlivyozibia ncha zote mbili kabla ya kusoma, kisha ubadilishane nafasi na msaidizi wako, msome tena. Mkipata tofauti, rudieni.

Dawa yetu ilikuwa kupinda. Mbele ya mlango tukaweka jukwaa bapa la mita 1.5 kwa 1.5, halafu rampu ikafuata ukuta, upande ambao ardhi ni sawa. Kimo kikabaki 45. Jukwaa hilo usilipunguze: akiwa anafungua kufuli, kiti lazima kisimame pabapa, na mlango ukifunguka kwa nje apate pa kurudi.

Kabla ya zege, tandika mbao imara kwa mteremko uleule na umwombe ajaribu huku umesimama nyuma yake.

4. Msingi

Udongo wetu mweusi huvimba mvuani na kupasuka kiangazi, na rampu iliyowekwa juu yake hupasuka nao. Uchimbe uutoe, jaza mawe na maramu, shindilia tabaka kwa tabaka. Ukifika kwenye kiungo cha rampu na nyumba, acha nafasi ndogo, usivifunge pamoja.

5. Zege

Moja kwa mbili kwa nne, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na waya wa BRC (wavu wa chuma) ndani. Ikianza kushika, pitisha ufagio mgumu kukingama njia ili magurudumu yapate kushika. Mwenye nyumba alitaka vigae vinavyong'aa. Nilikataa, kwa sababu mvua ikinyesha vigae huteleza, na anayeanguka ni mama.

6. Kingo na vishikio

Kingo za sentimita 10 pande zote, ili gurudumu la mbele lisichomoke. Vishikio vya paipu ya inchi moja na nusu, kimo cha sentimita 90, pande zote mbili, kwa sababu mama ana nguvu zaidi mkono wa kushoto na mgeni wake huenda ana nguvu wa kulia. Piga msasa kila mahali palipochomelewa, kisha pitisha kiganja chako chote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Zege nayo, ikishashika, ifunike kwa magunia mabichi siku saba, umwagilie asubuhi na jioni. Siku hizo mboga tulimtolea sisi hadi getini.