Kumlea malkia wa majimoto nyumbani kabla ya kumpandisha mkorosho

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchipua, swali lilelile hunifikia kuhusu majimoto, wale chungu wa mitini wanaowinda wadudu waharibifu: "Nilikata viota vitatu vya majimoto kwa jirani, nikavifunga kwenye miti yangu. Wakakaa miezi miwili mitatu, kisha wakapotea. Wamekwenda wapi?"

Hawakwenda popote. Walizeeka, wakafa mmoja mmoja, na hapakuwa na wa kuzaa wengine. Kundi moja la majimoto huwa na viota vingi vilivyotapakaa kwenye miti kadhaa, lakini malkia ni mmoja, naye anakaa katika kiota kimoja. Ukikata viota bila kujua yuko kipi, umebeba vibarua tu, yaani wale wafanyakazi wanaowinda na kujenga. Vibarua waliokosa malkia wanaweza kutaga, ila mayai yao hayajarutubishwa, na yai la namna hiyo hutoa dume. Dume wa majimoto hawindi, hajengi, hamuumi mtu.

Unaweza kupanda mti mkubwa ukamtafuta malkia kiota baada ya kiota. Nimeshuhudia vijana wenye nguvu zao wakijaribu, wakashuka mbio wakivua mashati. Njia ninayoipendekeza ni ya polepole: mkamate malkia mchanga mara tu baada ya kupandwa, umlee nyumbani mpaka awe na watoto wake, kisha uwapeleke shambani pamoja.

Kwa asiyewajua kwa manufaa yao, majimoto ninaowasema ni wale wekundu wa kwenye miti, wanaounganisha majani mabichi kwa uzi mweupe. Jina lao la kitaalamu ni Oecophylla longinoda. Huwinda usiku na mchana, na kati ya wanaowafukuza ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vinazi vichanga mpaka vikadondoka, pamoja na mbu wa mikorosho, Helopeltis, anayekausha machipukizi na maua. Neno "wayi" kwenye jina la kunguni huyo linatokana na Michael Way, mtafiti aliyefanya kazi Zanzibar miaka ya 1950 na kuonyesha jinsi minazi yenye majimoto inavyosalimika. Wachina wa kusini waliwahi zamani zaidi: maandishi ya mwaka 304 yanaeleza viota vya majimoto wa Asia vikiuzwa sokoni kwa wenye michungwa.

Sasa turudi kwa malkia. Majike na madume wenye mabawa hutoka viotani msimu wa mvua, na huku kwetu huruka jioni, jua linapokaribia kuzama. Wakishapandana, madume hufa. Jike hutua kwenye mti, huangusha mabawa yake na kujificha kwenye jani lililojikunja au kati ya majani mawili yaliyolaliana. Hapo ndipo pa kumpata. Kunja majani mapana ya mwembe kama koni ya kuuzia karanga, yabane kwa njiti ya ukuti, uyafunge kwenye matawi ya chini ya miti ambayo haina majimoto lakini iko karibu na miti iliyo nao. Fanya hivyo mvua zinapoanza, kisha uyakague kila asubuhi. Karatasi ngumu iliyokunjwa vivyo hivyo nayo hufaa, ingawa mvua kubwa huilowesha ikalegea.

Utamtambua kwa ukubwa. Ana urefu wa zaidi ya sentimita moja, tumbo nene, kifua kipana, na ukimtazama vizuri utaona makovu pale mabawa yalipokuwa. Makovu hayo ni muhimu sana. Malkia mwenye mabawa uliyemtoa ndani ya kiota kikubwa bado ni mwali: hajapandwa, na hata ukimlea kwa asali hatakupa kibarua hata mmoja. Usijaribu kumng'oa mabawa ukidhani unamsaidia. Wapo waliofanya hivyo.

Nyumba yake ya kwanza iwe ndogo. Kikopo cha plastiki chenye upana wa vidole vitatu hivi kinatosha. Weka ndani jani moja la mwembe au mkorosho lililojikunja, funika mdomo kwa kipande cha chandarua au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ukikaze kwa mpira. Malkia mmoja, kikopo kimoja. Ukiwaweka wawili pamoja wanaweza kuonekana wanapatana mwanzoni, lakini usijenge shamba juu ya amani hiyo.

Chakula hahitaji. Hili wakulima wengi hawaliamini, na ndilo linaloua malkia wengi kuliko njaa yenyewe. Malkia mchanga ameingia maisha haya akiwa na akiba mwilini: mafuta ya tumboni na ile misuli mikubwa aliyokuwa akirukia, ambayo sasa haina kazi nyingine. Akiba hiyo ndiyo anayoitumia kutaga na kuwalisha watoto wa kwanza. Ukimwekea vipande vya nyama au sukari nyingi unamletea ukungu na sisimizi. Anachohitaji ni maji kidogo: tone moja au mawili juu ya kitambaa kila siku, au pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikawekwa pembeni. Pamba isidondoshe maji. Malkia anazama kwenye dimbwi ambalo wewe ungeliita unyevu.

Kisha mwache. Kikopo kikae kivulini, mahali pa giza giza pasipotikiswa, mbali na jiko, mbali na redio inayotingisha meza, mbali na dirisha. Wa kwanza niliowalea mimi niliwaweka dirishani ili niwaone vizuri. Jua la saa nne likaingia kwenye plastiki, na nilipowakumbuka mchana walikuwa wamekwisha. Nilikuwa na sita. Kilichofuata kilikuwa kosa la pili: wale niliowapata baadaye nilikuwa nikiwafungua kila mara kuhesabu mayai. Malkia anayesumbuliwa hula mayai yake mwenyewe. Mtazame mara moja kwa wiki, haraka, asubuhi kukiwa na ubaridi, na umalizie hapo.

Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike kabisa katika chumba hicho, na dawa ya kuchoma pia uihamishie kwingine. Maadui wengine ni mjusi, buibui, na zaidi ya wote sisimizi wa nyumbani. Kwa hao tumia akili ya bibi zetu waliokuwa wakiweka miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji: weka vikopo vya malkia juu ya kistuli, kila mguu kwenye kopo lenye maji na tone la mafuta ya taa, na kistuli kisiguse ukuta.

Mayai yataonekana siku chache baada ya kukamatwa, meupe, yameshikana kama punje za chumvi. Hufuata majana, kama wafugaji wa nyuki wanavyowaita watoto wasio na miguu, kisha pupa, yaani mtoto aliyetulia akigeuka kuwa mdudu mzima. Pupa wa majimoto yuko uchi, hana kifuko, kwa sababu hariri ambayo wadudu wengine huitumia kujifunika, majana wa majimoto huitoa kwa ajili ya kushonea majani ya kiota. Utawaona pupa wakiwa na miguu iliyokunjwa kifuani. Kwa joto la pwani, kutoka yai hadi kibarua wa kwanza ni karibu mwezi mmoja. Watoto hawa wa kwanza ni wadogo na wachache, wala wasikukatishe tamaa.

Hapa kuna ujanja unaofupisha safari. Majaribio yaliyofanywa Benin yaliwapa malkia wachanga pupa 30 au 60 waliotolewa kwenye kundi kubwa, na makundi yaliyopewa pupa yalikua upesi kuliko yaliyoachwa hivihivi. Siri yake ni harufu. Kibarua mzima wa kundi jingine atamuua malkia wako mara moja, lakini anayezaliwa mikononi mwa malkia huyo huchukua harufu ya nyumba hiyo na kumhesabu ni mama yake. Kwa hiyo kata kiota kimoja cha kundi kubwa, kikung'ute juu ya beseni, uwaache vibarua wote wakimbie, kisha uokote pupa kwa brashi laini ya rangi. Hakikisha hakuna kibarua hata mmoja aliyejificha kati yao. Ukikosa muda wa kuchambua, bora usifanye.

Vibarua wakishatoka ndipo ulishaji unaanza. Kijiko kimoja cha sukari kwenye vijiko vitano vya maji, kiloweshe pamba, uiweke ndani kidogo. Nyama iwe ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti: nzi aliyepondwa, kipande cha kumbikumbi, au dagaa asiyetiwa chumvi aliyelowekwa akalainika. Mabaki yatolewe kesho yake. Kundi likizidi kikopo, lihamishie chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa matundu madogo na kuwekewa majani makavu ndani. Au weka chupa hiyo mdomo kwa mdomo na kikopo, uwaache wahame wenyewe usiku.

Wakati wao wanakua, wewe andaa mti. Nasisitiza hapa kwa sababu malkia aliyelelewa vizuri huuawa siku ya kwanza shambani kwa kupelekwa kwenye mti wenye adui. Adui mkubwa ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, ambao baadhi ya askari wao wana vichwa vikubwa kupita miili. Ndio Pheidole megacephala, na wakishika shina, majimoto hawakai. Kuwapima ni rahisi: weka kipande cha dagaa au nazi kwenye shina la mti, rudi baada ya nusu saa. Ukikuta wamejaa, chagua mti mwingine. Jambo jingine ambalo wengi hulishangaa ni kwamba shamba lililopaliliwa likabaki jeupe huwapa sisimizi hao sababu ya kupanda miti kutafuta riziki. Acha majani mafupi kati ya mistari, safisha chini ya mti kwa kiasi cha kuokotea korosho tu, na hilo lifanyike msimu wa mavuno unapokaribia.

Siku ya kuhamisha iwe jioni isiyo na mvua. Funga chupa kwenye panda ya tawi lenye kivuli, penye majani mapya yaliyokwisha kukomaa kidogo, kwa kuwa majani magumu hayakunjiki na machanga sana hunyauka. Pakaa grisi kwenye shina kwa wiki mbili za mwanzo, uendelee kuwawekea sukari na dagaa juu ya tawi. Usiwatikise watoke, watatoka wenyewe na kushona kiota chao, na malkia atahamishiwa humo bila wewe kujua ni usiku gani. Kundi likishaenea, unganisha mti huo na wa jirani kwa kamba ya katani iliyofungwa tawi kwa tawi, ili wavuke bila kushuka ardhini. Kama una makundi mawili, fanya kinyume chake: kata matawi yanayogusana mpakani, maana majimoto wa makundi tofauti wakikutana ni vita.

Msimu wa kwanza usitarajie ulinzi wa mti mzima. Kipimo ninachokitumia ni kuhesabu matawi makubwa ya mti na kuangalia mangapi yana msafara wa majimoto. Yakizidi nusu, mti una walinzi. Kama hayafikii, endelea kuwalisha kiangazi, hasa baada ya kupogolea, kwani chakula mtini hupungua wakati huo.

Yapo wasiyoyaweza. Ubwiriunga ni ukungu, na majimoto hawautibu. Mpango wako wa salfa au wa dawa nyingine ya ukungu uendelee kama afisa ugani wako anavyokuelekeza. Dawa ya kuua wadudu ndiyo itakayowamaliza, hata ikipeperushwa na upepo kutoka kwa jirani, kwa hiyo mwambie jirani kabla hajawasha mashine. Pia majimoto hufuga vidung'ata na wadudu magamba, wale wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, kwa ajili ya maji matamu wanayoyatoa. Ukiona majani yanaanza kuwa na masizi meusi, kata tawi lililojaa wadudu hao.

Kuna vijana wameniuliza kama malkia hawa wanauzika nje. Mei 2025 mahakama moja nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, katika kesi ya maelfu ya chungu, wengi wao malkia wa chungu wavunaji, waliokuwa wamewekwa kwenye vichupa vyenye pamba tayari kusafirishwa. Wale si majimoto, lakini sheria haikuangalia udogo wa mdudu.

Kwa mwenye miembe au mikarafuu, kuumwa wakati wa kuchuma ni kero ya kweli, na sitamdanganya mtu. Jipake majivu mikononi na miguuni, nyunyiza mengine kwenye tawi unalolishika, na uanze na miti isiyo na viota. Mwenye mikorosho ana nafuu, maana korosho hujiangukia na anayeziokota hana haja ya kupanda.